Ubaguzi Darasani: Somo la Riceville na Somo la Austin

Kiswahili kimelipata neno ubaguzi kutokana na kitenzi kubagua, na asili ya kitenzi hicho ni kazi ya mkono: kutenga kitu na kitu, hiki kikawekwa upande huu na kile upande wa pili. Neno lenyewe halianzi na chuki wala halianzi na fikra. Linaanza na kutenga. Kwa hivyo kila anayelitamka, hata asipokusudia, hukitaja kitendo kwanza na moyo baadaye. Historia ya juhudi za kuwafunza watoto madhara ya ubaguzi, khasa ile iliyopita katika skuli za Marekani katika karne ya 20, inaonesha kwamba mpangilio huo una hekima ndani yake. Mara nyingi watoto hawakuanza kwa kuchukiana kisha wakatengwa. Walitengwa kwanza, na chuki ikaja kukaa katika nafasi iliyokwisha kutayarishiwa.

Juhudi hizo zilitanguliwa na swali: mtoto huanza lini kuujua ubaguzi? Wazee wengi waliamini kwamba mtoto mdogo hana habari ya rangi, na kwamba mambo hayo huyajua akishakua. Mume na mke, Kenneth na Mamie Clark, wataalamu wa saikolojia na wote wawili Wamarekani weusi, waliitia imani hiyo katika mizani. Waliwachukua watoto weusi 253, wa umri wa miaka mitatu hadi saba, baadhi yao kutoka skuli zilizotengwa za kusini na wengine kutoka skuli za mchanganyiko za kaskazini, wakawawekea mbele yao wanasesere wanne. Wanasesere hao hawakutafautiana kwa lolote ila rangi: wawili weupe, wawili wa kahawia. Kisha wakawataka watoto wawape mwanasesere mzuri, wawape ambaye wangependa kucheza naye, na wawape anayeonekana mbaya. Watoto walio wengi walimchagua mweupe kwa uzuri, na wengi wakamnyooshea kidole wa kahawia kwa ubaya. Swali la mwisho lilikuwa: ni yupi anayefanana nawe? Hapo baadhi ya watoto walilia, na wengine wakatoka mbio chumbani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1947. Mtoto wa miaka mitano alikwisha kujua si rangi yake tu, bali na bei iliyotiwa rangi hiyo sokoni mwa watu wazima.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahkama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu kwamba kuzitenga skuli za serikali kwa misingi ya rangi ni kinyume cha katiba, na miongoni mwa maandishi iliyoyataja ni kazi ya Kenneth Clark. Mwaka huo huo Gordon Allport, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kikubwa juu ya asili ya ubaguzi. Humo alieleza kwamba kuwakutanisha watu wa makundi mbalimbali hakutoshi peke yake. Mkutano huo huondoa chuki pale ambapo watu wako sawa kwa hadhi, wana lengo moja, wanalifikia kwa kushirikiana, na wenye mamlaka wanawaunga mkono. Yakikosekana hayo, kukutana kwaweza hata kuzidisha uhasama. Msomaji aliweke akilini sharti hilo, kwani mbele litarejea.

Hukumu iliandikwa siku moja, lakini madarasa hayakubadilika siku moja. Miaka ikapita, na skuli nyingi zikabaki kama zilivyokuwa. Katika miji midogo ya kati ya nchi hapakuwa na mtu wa kutengwa, maana wakaazi wote walikuwa weupe. Mmoja wa miji hiyo ni Riceville, katika jimbo la Iowa, mji wa wakulima usiozidi watu elfu moja au karibu yake. Humo alifundisha Jane Elliott, mwalimu wa darasa la tatu. Mwezi wa Februari 1968 darasa lake lilikuwa limemchagua Martin Luther King kuwa shujaa wa mwezi. Jioni ya Alkhamisi, tarehe 4 Aprili, King akauliwa kwa risasi mjini Memphis. Asubuhi ya pili watoto waliingia darasani wakiuliza kwa nini shujaa wao ameuawa.

Mwalimu huyo angeweza kuwahutubia, kama walivyofanya walimu wengi siku ile. Aliona kwamba maneno hayatafika. Watoto wale hawakupata kuishi na mtu mweusi, na huruma yao ingekuwa huruma ya hadithi tu. Akawauliza kama wangependa kujua hali ya mtu anayebaguliwa, nao wakakubali. Akawagawa kwa rangi ya macho, wa buluu upande mmoja na wa kahawia upande wa pili, akatangaza kwamba kundi moja lina akili zaidi, ni safi zaidi na lina adabu zaidi kuliko jengine. Siku ya pili ya somo akaipindua hukumu yake: waliokuwa juu wakawa chini, na waliokuwa chini wakawa juu.

Alilirudia somo hilo mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1970 wapiga picha wa televisheni ya ABC walilirikodi akiwa na watoto 16. Filamu hiyo, iliyotengenezwa na William Peters, ndiyo iliyohifadhi kwa ukamilifu yaliyopita. Siku ya kwanza wenye macho ya buluu walipewa enzi. Waliongezewa dakika tano za mapumziko. Wenye macho ya kahawia walivishwa kola za kitambaa shingoni ili watambulikane kwa mbali, wakakatazwa kuongezewa chakula cha mchana, wakakatazwa kupanda michezo ya uwanjani, na wakaambiwa watumie vikombe vya karatasi badala ya kunywa mferejini kama wenziwao. Mtoto mmoja alipodiriki kupinga, mwalimu alimkumbusha kuwa baba yake mwenye macho ya kahawia aliwahi kumpiga teke. Je, baba mwenye macho ya buluu angefanya hivyo? Baba yake mwalimu ana macho ya buluu, naye hajawahi kumpiga teke mwanawe. Hoja ikafungwa. Kosa la mtu mmoja likageuzwa kuwa tabia ya kabila zima, na wema wa mtu mmoja ukawa sifa ya kabila jengine. Ndivyo hoja za ubaguzi zinavyojengwa hata miongoni mwa wasomi, isipokuwa huko hupambwa kwa maneno marefu.

La kuzingatiwa zaidi ni kwamba baada ya muda mfupi watoto hawakuhitaji tena kuongozwa. Mmoja alipendekeza kwamba mwalimu aiweke karibu naye rula yake ndefu, isije ikawa wenye macho ya kahawia wakavuka mpaka. Mwengine alishauri kwamba wapishi nao waarifiwe, wasije wakawaongezea chakula wasiostahiki. Uwanjani, jina la rangi ya macho, ambalo hadi jana lilikuwa sifa isiyo na uzito wowote, likageuka tusi. Mtoto aliyeitwa hivyo alimpiga mwenzake ngumi ya tumbo. Mwalimu alisimulia baadaye kwamba aliwaona watoto wema, wenye ushirikiano na fikra, wakigeuka waonevu katika muda wa robo saa.

Aidha, kola ile haikukaa shingoni tu, iliingia hadi kichwani. Elliott alikuwa na mazoezi ya kusoma kwa kadi, na aliyapima kwa saa. Wenye macho ya kahawia, siku waliyovaa kola, walichukua dakika tano na nusu kulimaliza zoezi hilo. Siku ya pili, walipovuliwa kola na kupewa enzi, walilimaliza kwa dakika mbili na nusu. Kadi zilikuwa zile zile na watoto walikuwa wale wale. Alipowauliza kwa nini jana walichelewa, walijibu kwamba walikuwa wakiifikiria ile kola. Jibu hilo linastahiki kusomwa na kila anayefundisha, kwa sababu mtoto anayeambiwa hawezi hutumia nusu ya akili yake kuubeba msemo huo, na nusu iliyobaki ndiyo anayosomea. Kisha akapewa alama za chini, na alama hizo zikatolewa kuwa ushahidi kwamba kweli hawezi.

Mwisho wa siku ya pili kola zilivuliwa na kutupwa, watoto wakaketi pamoja, na mwalimu akawauliza kama rangi ya macho inapaswa kuamua kitu chochote. Wote walisema hapana, na hakuna aliyesema kwa kukariri. Mwaka 1984 watu wazima 11 kati ya wale 16 walirudi Riceville kukutana na mwalimu wao na kuitazama filamu ya utoto wao. Mkutano huo ulioneshwa katika televisheni ya umma ya Marekani mwaka 1985. Walieleza kwamba somo lile lilibaki nao katika ndoa zao, kazini mwao na katika malezi ya watoto wao.

Hata hivyo, hapana haki ya kulisimulia somo la Riceville kana kwamba halikuwa na gharama. Insha walizoziandika watoto wa mwaka 1968 zilichapishwa katika gazeti la mji, habari ikaenea, na kabla ya mwezi wa Mei kwisha Elliott aliitwa katika kipindi maarufu cha televisheni cha Johnny Carson. Barua zikamiminika. Mojawapo, ambayo imetajwa mara nyingi tangu siku hizo, ilimlaumu kwa ukatili aliowafanyia watoto weupe: watoto weusi wamekwisha kuzoea kutendewa hivyo, iliyasema hayo waziwazi, lakini watoto weupe hawawezi kuyafahamu na wataathirika nafsi zao. Mwandishi wa barua hiyo alikusudia kulishtaki somo, na bila ya kujijua akalithibitisha. Alikiri kwamba jambo lisilovumilika kwa mtoto mmoja kwa siku moja ni la kawaida kwa mtoto mwengine kwa umri wake wote.

Mjini kwao mambo hayakuwa mepesi. Walimu wenziwe wengi waliacha kusema naye, na kwa maelezo yake mwenyewe watoto wake walionewa na biashara ya wazazi wake ikasusiwa. Lakini si kila lawama ilitoka katika moyo wa kibaguzi. Stephen G. Bloom, katika kitabu alichokitoa mwaka 2021, aliwasikiliza pia watu wa Riceville waliobaki na uchungu, na akauliza maswali ambayo sifa nyingi zilikuwa zimeyafunika. Watoto wa miaka minane na tisa walidanganywa na mtu waliyemuamini kuliko wote ukimtoa mzazi. Wazazi wao hawakuombwa ruhusa. Aliyelia siku ile alilia machozi ya kweli. Je, inajuzu kumuumiza mtoto ili afahamu kwamba kuumiza ni kubaya?

Swali hilo halijibiwi kwa kuutaja wema wa nia peke yake. Mwaka 1973 watafiti Matthew Weiner na Frances Wright walitoa matokeo ya jaribio la namna hiyo, ambapo watoto weupe wa darasa la tatu waligawiwa katika kundi la kijani na kundi la rangi ya chungwa. Waliopitia jaribio hilo walionekana kuwa tayari zaidi kwenda matembezi pamoja na watoto weusi kuliko wale ambao hawakulipitia. Basi somo lina athari. Lakini athari hiyo hupatikana kwa kumtia mtoto katika maumivu ambayo mwalimu hana uhakika wa kuyatoa yote. Siku mbili mikononi mwa mwalimu hodari, anayeijua kila sura iliyo mbele yake, si sawa na siku mbili hizo hizo mikononi mwa mwalimu mwengine aliyelisoma zoezi kitabuni na kulipenda kwa sababu linashitua. Dawa kali haigawiwi kama peremende.

Wakati Riceville ikijadiliwa, mji wa Austin katika jimbo la Texas ulikuwa na mtihani wa aina nyengine. Mwaka 1971 skuli zake zilikuwa zimeanza kuchanganywa, na kwa mara ya kwanza watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico walijikuta katika darasa moja. Amri ya kuchanganya ilitimizwa, lakini amani haikuja. Mapigano yalizuka mara kwa mara. Elliot Aronson, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, aliitwa kusaidia. Yeye na wanafunzi wake hawakuanza na mahubiri wala na zoezi la kuumizana. Walikaa nyuma ya madarasa wakatazama.

Walichokiona kinajulikana na kila aliyepata kusoma skuli. Mwalimu anauliza swali, mikono inapaa, kila mtoto anataka aitwe yeye. Anayeitwa akikosea, wenziwe hufurahi, maana nafasi imerudi kwao. Katika mchezo huo mtoto mgeni, aliyetoka skuli duni au ambaye Kiingereza si lugha ya nyumbani kwao, hushindwa kabla hajafungua kinywa. Wenziwe humwona mjinga, naye huwaona wenye kiburi. Watoto hao walikuwa wamekutana, lakini masharti ya Allport hayakuwapo: hadhi haikuwa sawa, lengo halikuwa moja, na darasa lenyewe lilijengwa juu ya mashindano.

Aronson akaugeuza mpangilio wa kazi. Darasa liligawiwa vikundi vya watoto watano au sita, kila kikundi kikiwa na mchanganyiko. Somo, kwa mfano maisha ya Eleanor Roosevelt, lilikatwa vipande, na kila mtoto akapewa kipande kimoja tu cha kukisoma, kukifahamu na kuwafundisha wenziwe. Mtihani ulihusu maisha yote. Kwa hivyo mtoto hakuwa na njia ya kuvipata vipande vilivyobaki ila masikioni mwa wenzake. Mpango huo ukafananishwa na mchezo wa kuunganisha vipande vya picha, ambapo kipande kilicho kidogo kuliko vyote kikipotea, picha haitimii.

Aronson amemsimulia mtoto mmoja, aliyempa jina la kubuni la Carlos. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kihispania, na alikwisha kujifunza kunyamaza ili asichekwe. Zamu yake ilipofika alibabaika, na wenziwe wakaanza kumkejeli kama walivyozoea. Msaidizi aliyekuwa akikitazama kikundi hakuwakemea. Aliwakumbusha tu kwamba mtihani unakaribia, na kwamba kipande alichonacho Carlos hawatakipata kwengine. Kejeli zikapungua, kwa kuwa hazikuwa na faida. Watoto wakajifunza kumuuliza maswali mazuri, yenye kumsaidia ayatoe aliyoyajua, na baada ya wiki chache wakagundua kwamba Carlos hakuwa mjinga hata kidogo. Walianza kwa kumhitaji, wakaishia kwa kumpenda.

Baada ya wiki kadhaa, watoto wa vikundi hivyo walilinganishwa na wale wa madarasa ya kawaida. Walipendana zaidi, walipunguza fikra mbaya juu ya wasiofanana nao, walijiamini zaidi na waliipenda zaidi skuli. Watoto weusi na wenye asili ya Mexico walipata alama bora kuliko wenziwao wa madarasa ya kawaida, na watoto weupe hawakupungukiwa na kitu. Hayo yalipatikana ingawa kazi ya vikundi ilichukua sehemu ndogo tu ya siku. Wenye kuurudia mpango huo katika nchi nyengine hawakupata matokeo ya namna moja kila mahali, khasa katika alama za masomo. Ama juu ya msingi wake, yaani kukutana, ushahidi umezidi kukusanyika. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walizipitia tafiti 515 zilizofanywa katika nchi 38, wakaona kwamba kwa jumla watu wa makundi tafauti wakikutana, ubaguzi hupungua, na hupungua zaidi masharti yale yakitimizwa.

Itakuwa ni dhulma kuuweka mji mmoja mbinguni na mwengine motoni. Elliott hakuwa na Carlos darasani mwake. Alikuwa na watoto wa rangi moja, dini moja na mji mmoja, na hapakuwa na mtu wa kuwakutanisha naye. Alichoweza ni kuwaonjesha. Aronson kwa upande wake alizikuta amri za mahkama zimekwisha kuwaleta watoto katika chumba kimoja, na pasingekuwa na amri hizo vikundi vyake visingekuwa na maana yoyote. Njia ya Austin inahitaji mabenchi yaliyochanganyika, na mwaka 1974, katika kesi ya mji wa Detroit, Mahkama Kuu iliyoifungua milango hiyo ikaufupisha uwezo wa kuwachanganya watoto wa mjini na wa vitongoji vyake. Penye watoto waliotengwa kwa mitaa yao, mwalimu hurudishwa Riceville.

Lakini miji hiyo miwili, kwa njia zilizopishana, ilishuhudia jambo moja. Huko Iowa, watoto waliopendana walifanywa maadui kwa kola, vikombe vya karatasi na dakika tano za mapumziko. Huko Texas, watoto waliopigana walifanywa wenza kwa karatasi iliyokatwa vipande. Katika miji yote miwili moyo ulikifuata kitendo, na kitendo kilipangwa na mwalimu. Wahenga waliposema udongo uuwahi ungali maji, walimkumbusha mfinyanzi kwamba mkono wake haupiti juu ya udongo bila ya kuacha alama, akusudie asikusudie.

Ndiyo sababu somo la ubaguzi haliwezi kutengewa siku yake maalumu katika mwaka, likafundishwa kisha likafungwa pamoja na madaftari. Linafundishwa kila asubuhi na yule anayeamua nani akae mbele na nani nyuma, nani aitwe kwa jina lake na nani kwa jina la kabila, ngozi au kilema chake, nani atumwe kufagia na nani ashike ufunguo, kosa la nani liwe lake peke yake na kosa la nani liwe la watu wao wote. Mwalimu asiyepata kusikia habari za Riceville wala za Austin analifundisha vile vile. Watoto wa mwaka 1970 walihitaji robo saa tu kuufahamu mpango waliowekewa na kuanza kuuongezea sheria zao wenyewe. Walio madarasani leo hawana uvivu zaidi kuliko wao.